Mwili Upi

Ijumaa, saa kumi jioni, Kitangari, darasa la ubatizo.
Wakatekumeni sita, benchi lenye mguu wa kuazima,
na mimi, katekista wa miaka kumi na minne:
nina chaki, nina daftari, nina majibu.

Utatu tuliumaliza wiki iliyopita.
Nilitumia mafiga, kama nilivyofundishwa:
matatu, chungu kimoja.
Sikudhani Chilumba akaguna.
"Mwalimu, mafiga bila moto ni mawe tu.
Huo moto hujausema."
Nikajibu tutaufikia Pentekoste.
Wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na la kusema.

Leo tumefika mwisho wa Kanuni ya Imani,
pale watu wanapoharakisha maana Amina iko karibu:
ufufuko wa miili.
Nikageukia ubao. Nyuma yangu, sauti:
"Mwili upi?"

Akaitandaza mikono juu ya daftari langu.
Miaka kumi na tisa ya kubangua korosho,
kwanza uani kwa mama yake, bati jeusi na moshi,
halafu kiwandani, hadi kiwanda kikafungwa bila kuaga.
Mafuta ya maganda yamekula ngozi,
yakala hata chapa za vidole.
Alipokwenda kuandikishiwa kitambulisho
mashine ilimkataa mara nne;
kijana akafuta kioo kwa shati lake, akamwambia,
"Mama, husomeki."

"Sasa siku hiyo," akauliza, wala si kwa ubishi,
"Mungu atanijuaje? Au atanipa mingine,
mikono ya mtu asiyewahi kufanya kazi?
Kama ni mingine, atakayefufuka ni nani?"

Jibu ninalo, ukurasa wa arobaini na moja,
mistari mitatu kwa wino mwekundu.
Nikaisoma. Ilikuwa sahihi yote.
Ilitoka kinywani kama korosho iliyopekechwa:
ganda zima, ndani unga.

Usiku ule sikulala.
(Nisiseme uongo: nililala, nikaamka saa nane.)
Nikauwaza ule mlango uliokomewa kwa hofu,
na Yeye ndani, mzima.
Angeweza kuja na viganja vipya, nani angemzuia?
Lakini hakusema, tazameni ninavyong'aa.
Alisema, tazameni hapa. Palipotoboka.
Matundu alikuja nayo.
Mwili aliouvaa hakuuvua
kama mtu anavyovua nguo ya kazi jioni.

Jumapili nikamweleza, kando ya bomba lisilotoa maji.
Akasikiliza mpaka mwisho. "Tutaona," akasema.

Mkesha wa Pasaka boza halikupanda mlima.
Wiki nzima mabomba yalikohoa hewa,
dumu moja likafika elfu moja na mia tano.
Sikudhani akashuka bondeni na baiskeli ya shemeji yake,
akarudi na madumu matatu, matope hadi magotini.
Nikamnong'oneza: mama, neema hailipiwi.
"Sijalipa," akasema. "Nimeteka tu. Maji yalikuwapo."

Padri Fulgensi akamimina mara ya kwanza, mara ya pili,
na kabla ya tatu Sikudhani akaitoa mikono kwenye khanga,
akaikinga chini ya kidevu.
Padri akasita: kitabu hakisemi mikono.
Maji hayakusita. Yalipita utosini, usoni,
yakajaa viganja vile visivyosomeka,
yakafurika, yakamwagika kwenye saruji iliyopasuka,
na katika uwanda huu, ambako tunakoga kwa kikombe,
hakuna aliyekimbilia ndoo.

Nimerudi ukurasa wa arobaini na moja.
Sikufuta kitu. Pembeni, kwa penseli, nimeandika:
Mwili upi? Huu.

Zimebaki wiki saba kufika Pentekoste.
Jana nimekutana naye sokoni, ameweka muhogo chini,
ameniangalia bila kusalimu kwanza:
"Mwalimu. Ule moto."